Enkoda za shafti: mashine inajuaje imefika wapi? Mafundi wa Malindi, Lamu na Pwani yote karibuni

Fundi_Kerezo (Malindi)

Wakuu, salaam. Karakana za mbao hapa Malindi zinazidi kufunga mashine za kuongozwa na kompyuta, na swali linalonijia kuliko yote ni hili: "Fundi, nimeweka enkoda, mbona mashine bado inakosea?" Nimeona niufungue uzi tuliongee kwa kirefu, maana watu wanatoa pesa nzuri kuagiza vifaa ng'ambo, halafu kifaa kinaishia kwenye droo.

Nianze na lenyewe. Enkoda ni kifaa kinachopima shafti (mhimili unaozunguka) iliyofungwa nayo imezunguka kiasi gani, basi. Haioni patasi, haioni mbao, haioni mkanda wala gia zilizo katikati. Ukiifunga nyuma ya mota itakupa habari za mota. Kama mkanda umelegea, mota itakuwa imefika na kazi haijafika, na namba kwenye skrini itasoma sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ninunue ipi?", jiulize ni kipande gani hasa unachotaka kujua kimefika wapi, kisha uifunge karibu nacho kadiri nafasi inavyoruhusu.

Ndani ya enkoda ya mwanga kuna diski nyembamba yenye mistari, mmoja unapitisha mwanga, mwingine hauupitishi. Upande huu kuna taa ndogo ya LED, upande wa pili sensa. Shafti ikizunguka, mwanga unakatika na kurudi, na sensa inatoa mapigo ya umeme. Sensa ni mbili, zimepishana kwa robo ya mwendo wa mstari mmoja, na ndizo tunazoziita chaneli A na B. Ikitangulia A, shafti inakwenda upande mmoja; ikitangulia B, inarudi. Ungekuwa na moja tu ungejua mwendo bila kujua upande. Nyingi zina chaneli ya tatu, Z, inayopiga mara moja kwa kila mzunguko.

Kila mstari unatoa kingo nne za kuhesabu: A inapanda, B inapanda, A inashuka, B inashuka. Enkoda ya mistari 600, ambayo ni ya bei nafuu na ndiyo wengi wanayo, inakupa hesabu 2,400 kwa mzunguko. Gawa digrii 360 kwa 2,400 upate digrii 0.15 kwa hesabu moja.

Hapo watu hufurahi mapema. Hatua kuwa ndogo na kipimo kuwa sahihi ni mambo mawili mbalimbali. Chukua diski ambayo mistari yake iko milimita 20 kutoka katikati. Ikikaa kando ya katikati ya shafti kwa milimita 0.05 tu, unene wa nywele, pembe itakosewa hadi digrii 0.14: nusu mzunguko inazidi, nusu nyingine inapungua. Ukirudi pale ulipoanzia hesabu inatimia, kwa hiyo huoni kosa lolote. Ndiyo maana enkoda za kazi nzito ya vipimo huwekewa vichwa viwili vya kusomea vinavyotazamana, kimoja huku na kingine ng'ambo ya diski. Kosa la kimoja linafuta la mwenzake.

Digrii 0.14 ni kitu gani? Kwa mguu wa meza si neno. Lakini sisi watu wa Malindi tuna jirani Ngomeni, kituo cha anga cha Luigi Broglio, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970. Roketi hazirushwi tena pale, za mwisho zilikuwa 1988, ila antena za kufuatilia setilaiti zipo. Antena ya aina hiyo lazima ijue pembe mbili kila wakati, ya kuzunguka upeo na ya kupanda juu. Piga hesabu ya sahani ya mita 10 kwenye masafa ya gigahezi 8: upana wa mwale wake ni karibu digrii 0.26. Ukiukosa kwa 0.14 umeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi. Nywele moja ndani ya kasha la enkoda, na setilaiti inapita juu ya Ghuba ya Ungwana huisikii vizuri. Mimi jambo hili hunisisimua kila nikilifikiria.

Sasa, jaribio ambalo kila mwenye enkoda angelifanya kabla ya kulaumu kitu. Chora mstari wa penseli kwenye taya za mashine na mwingine kwenye mwili wake, vikutane. Weka hesabu sifuri. Zungusha kwa mkono mizunguko kumi, rudi kwenye alama. Kwa enkoda ya mistari 600 usome 24,000, au hesabu mbili tatu pembeni kwa sababu ya jicho lako. Halafu rudia mota ikizunguka yenyewe. Ukipata sawa kwa mkono na ukikosa kwa mota, usiguse enkoda, tazama nyaya. Ukikosa pale tu unapogeuza upande, kuna kitu kimelegea kimakanika, mara nyingi skrubu ya kapulingi, kile kiungo cha kuunganisha shafti mbili. Na kama kosa ni lile lile kila mzunguko, umeandika idadi ya mistari isiyo yake kwenye programu. Anza na hilo, mengine tutayajibu humu humu.

Nahodha_wa_Amu (Lamu)

Asalaam aleikum. Shukran kwa darasa. Mimi kazi yangu ni mashine za boti, hapa kwetu usafiri mwingi ni wa majini kwa hiyo mashine hazipumziki. Kwenye injini za siku hizi naona gurudumu la meno chini ya kifuniko na kijisensa ubavuni. Hiyo nayo ni enkoda? Na kwa nini nyingine zinakataa kuwaka betri ikiwa dhaifu kidogo, hali ya kuwa stata bado inazungusha?

Fundi_Kerezo (Malindi)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Ni ukoo mmoja kabisa. Kwenye magari mengi gurudumu limepimwa kwa nafasi za meno 60, kila moja digrii 6, na meno mawili yameondolewa makusudi. Lile pengo ndilo linaloambia kompyuta ya injini krenki, yaani shafti kuu ya injini, iko wapi, kazi ile ile ya chaneli Z. Za boti hutofautiana idadi ya meno kwa kila mtengenezaji, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

Kuhusu kuwaka: sensa nyingi za aina hiyo ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye sumaku. Umeme wake unazaliwa na mwendo wa meno yakipita mbele yake. Krenki ikizunguka polepole, volti zinakuwa ndogo mno, kompyuta haioni jino, na cheche haitoki. Kwa hiyo stata inazunguka na injini haiwaki. Pima betri inapovutwa, si ikiwa imetulia. Pima pia nafasi kati ya sensa na meno, na hakikisha kichwa cha sensa hakina unga wa chuma, maana sumaku inauvuta.

Na kwa nyinyi watu wa Amu: fungua soketi yake utazame pini. Maji ya chumvi yakiingia, shaba inaota kijani, na kile kijani ndicho kinachokula ishara. Safisha, kausha, paka grisi ya umeme, funga mpira wake vizuri. Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa ajili ya pini mbili.

Stepa_Kilifi

Mkuu, mimi natofautiana nawe kidogo. Kwa mashine ndogo enkoda ni gharama bure. Mota ya stepa ina hatua 200 kwa mzunguko, digrii 1.8 kila hatua. Ukiiambia iende hatua 50 inakwenda robo mzunguko. Yangu inachonga vibao vya majina ya nyumba kila siku na haijawahi kupotea.

Fundi_Kerezo (Malindi)

Hatutofautiani. Kwa kazi yako nyepesi stepa tupu inatosha na ningekushauri uiache hivyo hivyo. Tatizo lake ni kwamba unaiamrisha bila kuwa na njia ya kujua kama imetii. Patasi ikigonga fundo la mvule, rota inateleza, na kwa kawaida inateleza kwa hatua nne nzima nne nzima, yaani digrii 7.2 kwa mara moja. Kidhibiti hakina habari. Kinaendelea kuchonga kwa adabu zote mahali pasipo pake mpaka kibao kiishe. Kwenye mbao ya bei rahisi unatupa unaanza upya. Kwenye mlango ambao mteja amelipia mbao ngumu, hasara ni yako. Enkoda kwenye shafti ya stepa itaisimamisha mashine pale pale hesabu zinapopishana.

Seremala_Shela (Lamu)

Mimi nina swali la kukereza. Sisi tunatoa miguu ya vitanda ya kizamani na nguzo. Kijana wangu amefunga enkoda ya mistari 1,000 kwenye mashine ya kukerezea ili tugawe mifereji 12 kuzunguka mguu bila kupima kwa uzi na penseli. Mifereji kumi na moja inakuwa mizuri, wa mwisho na wa kwanza hawakai vizuri, nafasi kati yao inaonekana pana kidogo. Kijana anasema enkoda mbovu.

Fundi_Kerezo (Malindi)

Mzee wangu, shikamoo. Enkoda ni nzima, kijana ahesabu upya. Mistari 1,000 ni hesabu 4,000. Gawa kwa 12 unapata 333 na theluthi moja. Mashine haina theluthi, kwa hiyo programu imekata ikabaki 333, na kila mfereji inaongeza 333 juu ya ule uliotangulia. Mara 12 ni 3,996. Hesabu nne zimebaki, na zote zimeangukia kwenye nafasi ya mwisho. Hizo ni digrii 0.36. Mguu wa kipenyo cha milimita 100 una mzingo wa milimita 314, kwa hiyo nafasi ya mwisho imezidi kwa milimita 0.3 hivi. Jicho lako la ukerezaji limeona kile ambacho kijana hakukiona kwenye skrini.

Dawa: asiongeze juu ya kilichotangulia. Kila mfereji upigiwe hesabu kutoka sifuri. Wa tano ni 5 mara 4,000 gawa kwa 12, inatoka 1,666.67, aandike 1,667. Hivyo kosa la mfereji wowote halizidi nusu ya hesabu na halijikusanyi. Au atumie enkoda ya mistari 600: 2,400 kwa 12 ni 200 kamili, haina masalio. Kwa kazi ya kugawa duara, enkoda ya mistari michache inayogawanyika inaweza kumshinda mwenzake wa mistari mingi.

Jambo jingine: kama mfereji unapitishwa mara mbili au tatu, kila safari mashine isubiri pigo la Z ndipo ianze kuhesabu. Bila hivyo safari ya pili itaanzia pembeni na kuula ukingo. Wanaokata hesi kwenye mashine za chuma wanalijua vizuri hili.

Bi_Umeme (Malindi)

Kaka, mimi ni mwanafunzi wa umeme, natumia chipu ya AS5600, enkoda inayosoma pembe ya sumaku, kwa mradi wa kielekezi cha upepo. Ni ya biti 12 kwa hiyo natarajia nafasi 4,096. Lakini nikizungusha shafti namba inacheza mahali pamoja tu, haizunguki. Sumaku nimetoa kwenye spika ndogo iliyoharibika.

Fundi_Kerezo (Malindi)

Dada, sumaku ndiyo yenyewe. Ya spika ina ncha ya kaskazini kwenye uso mmoja na ya kusini kwenye uso wa pili. Ukiizungusha juu ya chipu, chipu inaona kitu kile kile muda wote. Inatakiwa sumaku ya duara iliyogawanywa kipenyo: nusu ya mkate kaskazini, nusu kusini. Ikae katikati ya chipu, umbali wa milimita 0.5 hadi 3 kulingana na nguvu yake, na usiifunge kwa skrubu ya chuma. Tumia ya shaba nyeupe au plastiki. Chipu yenyewe ina sehemu ya kusoma kama sumaku imekuwa kali mno au dhaifu mno, isome hiyo kwanza.

Umechagua vyema kwa kazi ya nje. Sensa ya sumaku haijali vumbi wala umande, wakati ya mwanga ikiingiwa na unga wa mbao au ukungu wa bahari inaanza kuruka hesabu. Lakini nyaya za chipu hiyo ziwe fupi. Njia yake ya mawasiliano ilitengenezwa kwa vitu vilivyo kwenye bodi moja, si kwa kupanda mlingoti.

Na ile yako ni absoluti, yaani ukiwasha tu inasema ilipo. Ya A na B ni mtu anayehesabu hatua gizani: akizimia, akizinduka hajui yuko mtaa gani mpaka aguse ukuta anaoujua. Kwa kielekezi cha upepo huwezi kwenda kutafuta ukuta kila stima inapokatika.

Bi_Umeme (Malindi)

Ahsante sana. Nimesoma kwamba absoluti za mwanga hutumia msimbo wa Gray. Kwa nini wasitumie namba za kawaida za kompyuta, za sifuri na moja?

Fundi_Kerezo (Malindi)

Swali zuri. Chukua kutoka 7 kwenda 8. Kwa kawaida ni 0111 kwenda 1000, biti zote nne zinabadilika kwa pamoja. Lakini kwenye diski halisi hakuna kinachobadilika kwa pamoja kabisa, sensa moja itatangulia mwenzake kwa nukta. Ukisoma wakati huo huo unaweza kupata namba yoyote, 15 au 0. Shafti imesogea kidogo na mashine inaamini imeruka nusu ya duara. Frank Gray wa maabara za Bell alipata hataza ya mpangilio huu 1953: kila hatua inabadilisha biti moja tu. Saba inaandikwa 0100 na nane 1100. Ukisoma katikati ya mabadiliko, kosa kubwa kabisa ni nafasi moja. Mtu mmoja kupanga upya namba zile zile na kuliondoa tatizo zima bila kuongeza waya hata mmoja, kwangu hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Karakana_Mtwapa

Mimi yangu inafeli mashine ikikimbia tu. Kwa mkono inatimia vizuri. Nimetumia Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta, enkoda mistari 1,024, mashine inazunguka 1,200 kwa dakika.

Fundi_Kerezo (Malindi)

Piga hesabu pamoja nami. Mizunguko 1,200 kwa dakika ni 20 kwa sekunde. Mara 1,024 ni mapigo 20,480, mara nne ni kingo 81,920 kwa sekunde. Uno inakwenda megahezi 16, kwa hiyo kila ukingo una mizunguko ya saa 195 tu, na ndani ya hiyo lazima iache kazi, isome pini mbili, iamue upande, iongeze, irudi. Kwa programu ya kawaida haiwezi, inaruka nyingine kimyakimya. Tumia chipu yenye kihesabu kilichojengwa ndani yake: ESP32 inacho, na taima za STM32 zina hali maalumu ya enkoda. Hapo prosesa haiguswi kabisa.

Halafu angalia nyaya, maana una draivu, kifaa kinacholisha mota umeme. Draivu inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wa enkoda uliolala sambamba na wa mota unapokea yote. Vitenganishe. Tumia waya wa jozi zilizosokotwa wenye wavu wa kinga, wavu uingie ethi. Kama umbali unazidi mita chache, nunua enkoda inayotuma kila chaneli kwa waya mbili, A na kinyume chake. Kelele ikiingia inaingia zote mbili sawa, mpokeaji anatoa tofauti, kelele inakufa.

Hoteli_Fundi (Watamu)

Lifti yetu inasimama juu au chini ya sakafu kidogo, hasa ikijaa watu. Nibadilishe enkoda?

Fundi_Kerezo (Malindi)

Usiiguse, ndugu. Enkoda ya lifti inahesabu mota, na kamba za chuma huteleza na kunyooka kidogo juu ya puli uzito ukiongezeka. Ndiyo maana ndani ya shimo la lifti kuna sumaku au vibati kila ghorofa vya kusahihisha hesabu. Fundi wa lifti mwenye kibali aanze na hivyo. Na kama mota ni ya sumaku za kudumu isiyo na gia, enkoda ndiyo inayoiambia draivu rota iko pembe gani. Ukiivua na kuirudisha bila kupanga pembe upya, mota inaweza kushtuka au kukimbia kinyume. Lifti ina watu ndani. Hapo hapana majaribio.

Seremala_Shela (Lamu)

Marahaba fundi. Kijana amepiga hesabu kutoka sifuri na mifereji imekutana. Sasa kuna rafiki yangu ana mashine kubwa ya sevo, yaani mota zinazoongozwa na enkoda, stima ilikatika siku kadhaa, ilipowaka ikasema imepoteza mahali pake pa mwanzo. Enkoda yake ni absoluti, si ulisema hiyo haisahau?

Fundi_Kerezo (Malindi)

Haisahau pembe ndani ya mzunguko mmoja. Lakini shafti imezunguka mara ngapi ni hesabu nyingine, na sevo nyingi zinaitunza kwa betri ndogo ya lithiamu ya volti 3.6. Betri ikiwa imechoka na stima ikakatika, idadi ya mizunguko inafutika. Nyingine zinatumia gia ndogo ndani, hizo hazina betri na hazisahau. Kama ni ya betri, draivu huanza kuonya muda kabla, kwa hiyo onyo lile lisizimwe tu. Betri ibadilishwe draivu ikiwa imewashwa na mashine imesimamishwa salama, maana ukiizima ndipo unapoipoteza. Kwa sasa ameshapoteza: aweke betri mpya, afute onyo, apeleke kila mhimili kwenye alama yake ya mwanzo na kuuandikisha upya, na asianze kazi mpaka apitishe patasi juu ya mbao bila kugusa.

Mwambie apige picha ya kibandiko cha draivu na namba ya onyo, uiweke hapa.